Seli na Mahali pa Kusimama

Mwanamke anayepapasa titi lake akakuta kivimbe kigumu hujiuliza ugumu huo umetoka wapi. Jibu halimo katika seli za saratani peke yake. Limo pia katika udongo, kama inafaa kuuita hivyo, ambao seli hizo zimeota juu yake. Wiki hii tunapenda tuutazame udongo huo.

Ukiacha seli za damu, karibu seli zote za mwili hushikilia mahali. Hushika nyuzi za protini, hasa ile iitwayo kolajeni, kwa vishikizo vidogo vilivyo kwenye utando wake, na kwa vishikizo hivyo hutambua kama pale zilipo ni pagumu au laini, pameparuza au ni sawasawa. Mwaka 1914 Ross Harrison wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alieleza jinsi alivyozipa seli za viinitete nyuzi za buibui. Seli zilijinyoosha na kutambaa kwa kuufuata uzi. Buibui, tunayemjua sote kwa udhaifu wa nyumba yake, ndiye aliyetoa barabara ya jaribio lile! Siku hizi maabara huchonga mifereji myembamba kuliko unywele juu ya plastiki, na seli nyingi zenye afya zikiwekwa hapo hurefuka kuuelekea mfereji.

Kushika mahali ndiyo ruhusa ya kuishi. Seli ya kawaida ikibanduka huacha kugawanyika, na aghalabu hujiua kwa utaratibu. Mwaka 1994 wataalamu waliipa hali hiyo jina la Kigiriki lenye maana ya kukosa makazi. Sisi tunaona huo ni ulinzi mkubwa, kwani seli ya ini iliyopotea njia haipati nafasi ya kuota ini jingine mapafuni.

Saratani hulivunja sharti hilo. Mwaka 1964 Ian Macpherson na Luc Montagnier, yule aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wa virusi vya Ukimwi, walionyesha kwamba seli zilizogeuzwa na virusi vya uvimbe huota makundi ndani ya agari laini, rojo litokanalo na mwani, ambamo seli ya kawaida haipati pa kujishikiza. Jaribio hilo lingali likitumika.

Hata hivyo, msomaji asidhani kuwa seli ya saratani haijali ardhi yake. Uvimbe unapokua, kolajeni huzidi kuuzunguka na kukazwa, na sehemu kubwa ya ugumu unaogusika kwa vidole ni hiyo. Katika titi lenye afya nyuzi hizo hujipinda ovyo. Pembezoni mwa uvimbe hatari baadhi yake hunyooka na kuelekea nje, na seli za saratani huzifuata kama zile za Harrison zilivyoufuata uzi wa buibui. Kilichokuwa makazi kwa seli njema kinageuka njia ya safari.

Si kila kigumu ni saratani. Vivimbe vingi vya titi sivyo. Tena saratani nyingine huja bila kivimbe, kwa ngozi kuvutika ndani au chuchu kutoa damu. Vidole, hata vya daktari, haviwezi kuamua. Huamua kipande cha nyama kilichotolewa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini. Wapo wanaokataa sindano hiyo wakisema uvimbe ukiguswa husambaa, na maneno haya tumeyasikia mno katika familia zetu. Kinachoipa seli nafasi ya kusafiri ni miezi inayopita kabla ya tiba. Kwa hiyo mama anapomweleza mumewe au binti yake kwamba amegusa kitu, nauli ya kwenda hospitali itafutwe wiki hiyo hiyo, na majibu ya kipande yadaiwe kwa maandishi.