Barua ya wazi kwa Bunge la Kaunti ya Kajiado: andikeni njia ya ng'ombe

Waheshimiwa Wajumbe,

Wengi wenu mmekuzwa kwa maziwa, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza ng'ombe akikosa maji huwa vipi. Ninachowaandikia ni maneno machache ya mipango ya ardhi ambayo hayajapewa maana inayotufaa huku nyikani. Maneno hayo yameniulia ng'ombe kumi na saba.

Naishi upande wa Kisaju. Tangu enzi za babu yangu, mifugo ya boma letu imeshuka majini kwa njia moja. Mwaka 2021 shamba moja lililo kati yetu na maji liliuzwa, likakatwa ploti za futi 50 kwa 100, likazungushiwa ukuta wa mawe. Ukuta ukakaa juu ya njia. Mvua zilikuwa zimetukimbia tangu mwishoni mwa 2020, na kufikia 2022 Kajiado nzima ilikuwa ikihesabu mizoga. Mimi maji nilikuwa nayo karibu, ila yalikuwa ng'ambo ya ukuta. Ikabidi ng'ombe wazunguke hadi barabara ya Namanga, wapite kandokando ya malori, ndipo wayafikie. Mnyama aliyekwisha kukonda haiwezi safari hiyo. Wengine walianguka wakienda. Wengine walikunywa, wakaanguka wakirudi.

Nilipeleka malalamiko katika ofisi moja ambayo siitaji. Afisa alinipokea vizuri, akafungua ramani, akanionyesha rangi zake: makazi, biashara, viwanda, kilimo, ardhi ya umma. Shamba lile, akasema, limebadilishwa matumizi kutoka kilimo kuwa makazi. Nikamwuliza njia ya ng'ombe ina rangi gani. Haimo, akasema. Si barabara, kwa kuwa haikupimwa. Si ya umma, kwa kuwa imo ndani ya hati ya mtu. Nikauliza mbona sikuarifiwa. Akanijibu kwamba mimi si mhusika, maana ua wangu haupakani na shamba lile.

Hebu tulitazame hilo neno kilimo. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inaitambua ardhi ya kilimo hasa kwa kile isichokuwa: ardhi isiyo ndani ya manispaa, mji mdogo au soko. Basi malisho yetu yanaitwa kilimo kwa sababu tu hayajawa mji. Hayajawahi kuona jembe, lakini siku ya kubadilishwa matumizi yanahesabiwa kama shamba ambalo mwenyewe ameacha kulima, na hakuna anayeuliza mifugo ya nani inapita hapo kwenda majini.

Na mhusika ni nani? Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inampa mwombaji, au mtu mwingine mwenye maslahi, siku 14 za kukata rufaa. Kama mwenye maslahi ni yule mnayepakana naye tu, hilo huenda likamtosha mkazi wa mjini Kitengela, ambako ploti zinagusana. Huku ukuta usiopakana na boma langu ndio uliowanyima ng'ombe wangu maji. Nani ana maslahi kuliko mimi?

Nyumbu anayetoka Mbuga ya Nairobi kuja kuzalia nyanda zetu ana bahati kuliko mimi: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inayataja mapito ya wanyamapori na kuyaeleza maana. Simwonei wivu, tumechunga pamoja naye miaka yote. Lakini ng'ombe wangu alipita njia hiyohiyo, akafa kwa kukosa maji yaliyo ng'ambo ya ukuta.

Msiniambie kwamba haki ya njia haijulikani kisheria. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinailinda haki ya njia na ya maji iliyokuwapo ardhi iliposajiliwa mara ya kwanza, hata kama haikuandikwa katika rejista. Msiniambie pia kwamba ramani ni kazi ngumu. Mwaka 2004 wafugaji wa nyanda za Athi-Kaputiei walishirikiana na watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kupima nyua kwa miguu yao na kuzichora ramani. Wenyeji wanaojua kila njia wapo. Hawajaitwa.

Sipingi mji. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 Kitengela, na kila mmoja ana haki ya kulala mahali. Nao wana malalamiko yao: majengo ya orofa yanaota katikati ya nyumba za familia, na yote mawili yanaitwa makazi. Huku na huko mmewaachia madalali kazi ya kupanga kaunti, kisha afisa wa mipango anakuja nyuma yao kupaka rangi.

Mpango wa ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto ulitungwa kwa kipindi cha 2006 hadi 2026. Katika utakaoufuata nataka malisho yawe na jina lake, yasiitwe kilimo. Nataka njia ya mifugo ielezwe, ipimwe na kuchorwa kabla ya shamba lolote kukatwa. Na nataka anayetegemea njia hiyo ahesabiwe kuwa mhusika, awe anapakana au hapakani.

Shamba la pili, mkabala na lile lililozungushiwa ukuta, limekwisha kuwekewa bikoni. Ndani yake mna njia ya mwisho tuliyobaki nayo ya kufika majini. Kabla jiwe la kwanza la ukuta halijawekwa, naomba jibu la maandishi: hiyo ni njia, au si njia?

Mfugaji, Kisaju