Mayo: miaka zaidi ya 70 bila kombe, je, ni laana au ni hesabu?

Kuna timu za kushindwa, halafu kuna Mayo.

Kaunti hii ya magharibi mwa Ireland ilitwaa ubingwa wa taifa wa soka ya Kigaeli kwa mara ya mwisho mwaka 1951. Tangu 1989 imefika fainali mara 11. Imepoteza zote 11.

Wachezaji waliokuwa uwanjani siku ile ya 1951 wamefariki wote. Wa mwisho wao, Paddy Prendergast, alifariki Septemba 2021, wiki mbili tu baada ya Mayo kupoteza fainali nyingine.

Sasa timu ina kocha mpya, Andy Moran, na mchezo wenyewe una sheria mpya. Mashabiki wamerudi kwenye swali lao la siku zote: je, hii laana ipo kweli?

Ukikaa na matokeo ya mechi hizo na kalamu mkononi, jibu linaanza kuonekana. Na si lile linalosimuliwa baa.

Kwanza, mchezo wenyewe

Soka ya Kigaeli huchezwa na watu 15 kila upande. Mpira ni wa duara, unashikwa kwa mkono na kupigwa kwa mguu. Ukiubeba, hatua zisizidi nne, kisha uudundishe au ujipigie kwa mguu urudi mkononi.

Goli lina umbo la herufi H. Mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi 1. Ukiingia wavuni, chini ya mwamba, ni goli, na goli moja ni sawa na pointi 3.

Kwa hiyo matokeo huandikwa kwa namba mbili. Ukiona 1-15, maana yake goli 1 na pointi 15, jumla 18. Shika hapo, maana hesabu hii ndiyo kiini cha habari nzima.

Jambo la pili: hakuna dirisha la usajili. Kaunti haiwezi kwenda sokoni kununua mshambuliaji. Mtu huchezea kaunti ya klabu yake ya nyumbani, na hapokei mshahara. Asubuhi yuko darasani au ofisini, jioni yuko mazoezini. Kombe linalowaniwa linaitwa Sam Maguire, ila mashabiki hulitaja kwa jina moja tu: Sam.

Hadithi ya mazishi

Kisa kinachosimuliwa ni hiki. Mwaka 1951 mabingwa walikuwa wanarudi nyumbani na kombe lao. Walipofika mji wa Foxford walikuta msafara wa mazishi, wakapita wakishangilia bila kutoa heshima. Padri akakasirika na kutamka kwamba Mayo haitabeba kombe tena mpaka wachezaji wote wa siku ile wafe.

Hakuna ushahidi kwamba jambo hilo lilitokea. Lakini stori imeshika, na kila fainali inapopotea inaongezewa chumvi.

Tatizo ni kwamba laana hii inachagua sana. Wanawake wa Mayo walitwaa ubingwa wa taifa mara nne: 1999, 2000, 2002 na 2003. Vijana chini ya miaka 18 walishinda 2013, na wale chini ya miaka 21 wakashinda 2016. Timu ya wanaume wakubwa yenyewe ilibeba kombe la ligi mwaka 2019 na tena 2023.

Kaunti iliyolaaniwa haishindi hivyo. Basi tuiache laana, tutazame mechi.

Ugonjwa ulikuwa chini ya mwamba

Anza na 2012. Donegal 2-11, Mayo 0-13. Ukihesabu mipira iliyopita juu ya mwamba, Mayo walikuwa mbele, 13 kwa 11. Kilichowaua ni magoli mawili waliyofungwa mapema, kabla hata ya dakika ya 15.

Mwaka 2013, Dublin 2-12, Mayo 1-14. Tena Mayo mbele juu ya mwamba, nyuma kwenye magoli. Walipoteza kwa pointi moja.

Mwaka 2016, mechi ya kwanza dhidi ya Dublin iliisha sare: 2-9 kwa 0-15. Magoli yote mawili ya Dublin, Mayo walijifunga wenyewe. Yote mawili! Bila hayo wangekuwa mabingwa siku ile ile. Katika marudiano wakapoteza kwa pointi moja.

Mwaka 2020, Dublin 2-14, Mayo 0-15. Goli la kwanza liliingia kabla mpira haujafikisha sekunde 15.

Mwaka 2021, Tyrone 2-14, Mayo 0-15. Mayo walipata penalti, wakaikosa.

Rudi nyuma zaidi, marudiano ya 1996: Meath 2-9, Mayo 1-11. Picha ni ile ile.

Hizo ni mechi sita za fainali ambazo Mayo walifunga pointi nyingi kuliko mpinzani juu ya mwamba, na kila mara wakaruhusu magoli mawili. Katika nne kati yake wao hawakupata goli hata moja.

Hapo hakuna padri. Hiyo ni timu inayokimbia, inayokaba na inayopiga pointi kutoka kila pembe, lakini haina mtu wa kumalizia karibu na goli, na nyuma inafunguka kwa dakika chache tu zinazotosha kuipoteza siku nzima.

Si kila kipigo kilikuwa hivyo. Mwaka 2004 na 2006 Kerry waliwazidi waziwazi, na katika fainali ya 2006 Mayo walifungwa magoli manne. Na 2017 dhidi ya Dublin walilingana kwa magoli, 1-17 kwa 1-16, wakaondoka mikono mitupu kwa mpira wa adhabu wa dakika za nyongeza.

Ukijumlisha, fainali nne zilipotea kwa pointi moja moja: marudiano ya 1996, 2013, marudiano ya 2016, na 2017. Mechi za Dublin zilikuwa dhidi ya kizazi kilichokuja kutwaa makombe sita mfululizo, kuanzia 2015 hadi 2020. Na mfululizo huo ulipovunjwa, waliouvunja ni Mayo hao hao, katika nusu fainali ya 2021. Wakati mwingine kosa lako kubwa ni kuzaliwa zama moja na jirani mwenye nguvu.

Ni uchache wa watu? Ndiyo na hapana

Wapo wanaosema Mayo ni ndogo mno. Sensa ya 2022 iliwapa Mayo watu wasiofika 138,000. Dublin wana zaidi ya milioni 1.4. Mahali ambapo huwezi kununua mchezaji, tofauti hiyo si mchezo.

Lakini hoja hii ina tundu. Kerry wana watu takriban 156,000 tu, na ndio wenye makombe mengi kuliko wote: 39, la mwisho likiwa la 2025. Kwa hiyo uchache peke yake hauelezi kila kitu. Kerry wamekuwa wakitoa wamaliziaji kizazi baada ya kizazi, kitu ambacho Mayo wamekikosa katika siku zenyewe.

Ambacho idadi ya watu inaeleza ni kwamba Mayo hawana nafasi ya kupoteza mtu. Mwaka 1841, kabla ya njaa kuu, kaunti hii ilikuwa na zaidi ya watu 388,000. Imebaki na chini ya nusu yake. Watu walikwenda Uingereza, wakaenda Marekani, na leo vijana wanakwenda Australia. Hata kwenye ratiba uhamaji huu unaonekana: timu za London na New York hucheza katika michuano ya jimbo la Connacht, na mwaka 2024 Mayo walisafiri hadi New York kucheza mechi yao ya kwanza.

Mfano unaouma zaidi ni Oisín Mullin. Alikuwa mchezaji bora chipukizi wa taifa mara mbili mfululizo, 2020 na 2021. Leo anacheza soka ya Kiaustralia na Geelong, kule ambako mchezaji analipwa. Nani atamlaumu? Lakini kwa kaunti isiyo na dirisha la usajili, pengo la mtu kama huyo halizibwi kwa hela.

Mwaka 2025: hesabu imegeuka

Msimu wa 2025 mchezo ulipata sheria mpya. Kubwa kuliko zote: mpira unaopigwa kutoka nje ya mstari wa mita 40 ukipita juu ya mwamba, sasa ni pointi 2. Pia kila timu lazima ibakize watu watatu mbele na wanne nyuma, ili kuzuia ule mtindo wa wote kurundikana golini.

Goli limebaki kuwa pointi 3. Kwa timu iliyokuwa ikiuawa na magoli, ungedhani hii ni zawadi. Anayejua kupiga mbali analipwa zaidi, na goli moja halina tena uzito wa zamani.

Haikuwa hivyo. Angalia vipigo vya Mayo mwaka huo.

Fainali ya ligi: Kerry 1-18, Mayo 1-12. Fainali ya jimbo: Galway 1-17, Mayo 1-15. Mechi ya kwanza ya makundi, tena nyumbani Castlebar: Cavan 1-17, Mayo 1-14.

Kote huko magoli ni sawa kwa sawa. Mayo walizidiwa juu ya mwamba, pale pale palipokuwa ngome yao.

Kisha ikaja mechi ya mwisho ya makundi dhidi ya Donegal. Sare ingewatosha kuendelea. Muda ukiwa umekwisha, Donegal wakapata pointi ya mwisho: 0-19 kwa 1-15. Safari hii ni Mayo waliofunga goli na wapinzani hawakupata hata moja, na bado wakatolewa kwa pointi moja.

Ugonjwa wa zamani umepoa, umeingia mwingine.

Kocha Kevin McStay alikuwa amejiweka kando kwa sababu za kiafya kabla ya msimu kuisha. Mwezi Juni kibarua chake na cha benchi lake la ufundi kikaota nyasi.

Moran anaingia na nini mkononi?

Andy Moran hahitaji kusimuliwa maumivu haya. Alikuwa nahodha katika fainali ya 2013, na mwaka 2017 alichaguliwa mchezaji bora wa taifa huku timu yake ikikosa kombe kwa pointi moja. Ameshafundisha Leitrim, na alikuwa kwenye benchi la Monaghan kabla ya kuitwa nyumbani.

Hata asili yake inaeleza mchezo huu ulivyo. Anatoka Ballaghaderreen, mji ambao kiserikali ulihamishiwa kaunti ya Roscommon mwishoni mwa karne ya 19. Klabu ya mji ilikataa kuhama. Mpaka leo inachezea Mayo.

Kazi yake ya kwanza si kuondoa laana. Ni kutafuta watu wawili au watatu wanaoweza kupiga kutoka nje ya mita 40 bila kubahatisha, maana sheria hizo zimeshapitishwa moja kwa moja na timu zilizowahi kuzisoma zimeshatangulia. Kazi ya pili ni kuwa na mtu wa kupeleka mpira wavuni katika siku kubwa. Ya tatu haiko uwanjani kabisa: kuwashawishi vijana wa miaka 22 kwamba kubaki, au kusafiri kila wiki kutoka Dublin hadi Castlebar kwa ajili ya mazoezi yasiyo na mshahara, bado kuna maana.

Hiyo ya tatu ndiyo ngumu, na hakuna kocha anayeiweza peke yake. Inategemea kazi, nyumba za kupanga na shule za vijijini kubaki wazi. Klabu isiyo na watoto haitoi mchezaji wa kaunti.

Kuanzia 2026 mfumo wa makundi nao umeondolewa. Mechi zitakuwa chache, na nafasi ya kusahihisha makosa itakuwa ndogo zaidi. Kwa timu yenye historia ya kupoteza kwa pointi moja, hilo linaweza kuwa baya. Linaweza pia kuwa afadhali, kwa kuwa timu ikishika moto kwa wiki chache inaweza kufika mbali.

Mashabiki watajaa tena, kama walivyojaa baada ya 2006, baada ya 2017 na baada ya 2021, na jezi zao za kijani na nyekundu. Wakitaka kujua mapema kama mambo yamebadilika, wasisubiri fainali. Watazame mechi za ligi za mwanzo wa mwaka na wahesabu vitu viwili: Mayo wanapata pointi ngapi kutoka nje ya mstari wa mita 40, na wanaruhusu magoli mangapi.