Kuharibu Kioo Si Hasara

Wako wenzetu wasemao kwamba kukiharibu kioo kizima kwa makusudi ni kupoteza mali. Mimi simo katika kundi lao, nami nitaeleza sababu.

Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na Bwana Theodore Maiman huko California. Haikupita miaka mingi watu wakaona kuwa mwanga wake, ukizidi nguvu, waweza kuharibu vioo na lenzi zile zile zinazouongoza. Basi ikawa lazima kuuliza: kioo hiki kitavumilia kiasi gani?

Jibu halipatikani kwa kukitazama tu. Nyumba njema si mlango. Kioo king'aacho chaweza kuwa na ufa uliofichika, au chembe ya uchafu ndani ya utando wake, na hapo ndipo uharibifu huanzia. Kwa hiyo wapimaji hukipiga mpigo mmoja wa leza mahali pamoja, kisha husogea mahali papya. Mahali kumi hupigwa kwa nguvu moja, na kumi pengine kwa nguvu kubwa zaidi. Halafu hutazama kwa hadubini na kuhesabu ni pangapi pameharibika. Kutokana na hesabu hiyo hukadiria kiwango ambacho chini yake hapaharibiki hata mahali pamoja. Kiwango hicho huandikwa kwa jouli kwa kila sentimita mraba.

Lakini tujihadhari! Kioo kilichostahimili mpigo mmoja chaweza kushindwa na mpigo wa elfu, pale pale. Naona mtu atajaye namba peke yake, asiseme mipigo ilikuwa mingapi wala kila mmoja ulidumu muda gani, ametuambia nusu ya kweli.

Je, faida yake ni nini? Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Livermore, California, miali 192 ya leza ilipeleka nishati ya megajouli 2.05 kwenye shabaha ndogo yenye haidrojeni. Nishati iliyozaliwa humo ikawa megajouli 3.15. Usione vyaelea, vimeundwa. Kazi kama hiyo haiwezekani bila kujua kwanza udhaifu wa vioo.

Nasi wanafunzi, tunapopima nguvu za uzi au waya katika maabara yetu, tusiishie njiani kwa kuogopa kuukata. Uliokatika, na hesabu yake ikaandikwa vema, umetufundisha. Ulio mzima usiopimwa haujatuambia neno.