Kizimamoto Nyumbani: Hadhari Haipunguzi Tawakali

Ni nadra siku hizi kuiona nyumba ya mjini isiyo na nondo madirishani. Tunamwogopa mwizi, na kwa ajili yake tunatoa fedha nyingi bila ya kunung'unika. Lakini moto, ambao hauachi hata kile ambacho mwizi angekiacha, wengi wetu hatukuuwekea kinga yoyote. Tena nondo zile zile zinazomzuia mwizi kuingia ndizo zinazoweza kumzuia mwenye nyumba kutoka.

Wapo wasemao kwamba lililokadiriwa halina budi kuwa. Hilo ni kweli, lakini imepokewa katika Hadithi kwamba nyumba moja mjini Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), hakuishia kwenye huzuni. Aliueleza moto kuwa ni adui, akaagiza uzimwe kabla ya watu kulala. Basi kuchukua hadhari ni sehemu ya mafundisho, wala si upungufu wa imani.

Nchini Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa simu namba 114, na yapasa liitwe mara moja. Hata hivyo, gari lao lazima lipite katika foleni na vichochoro vyetu, na moto haungoji. Dakika za mwanzo ni za wenye nyumba.

Kwa nyumba ya kawaida, mtungi wa unga mkavu wenye alama ya ABC wafaa kwa mioto iliyo mingi, ukiwamo wa umeme. Utundikwe karibu na mlango wa kutokea, wala si juu ya jiko, na mshale wa kipimo chake uwe katika rangi ya kijani. Wakati wa kuutumia, vuta pini, elekeza mdomo wake kwenye shina la moto na si kwenye ndimi, bana mkono wake, kisha upeleke kushoto na kulia. Mtungi mdogo humalizika kwa sekunde zipatazo 10 tu. Kwa hiyo mama, vijana na msaidizi wa nyumbani wajifunze mapema.

Mafuta yakiwaka karaini, kamwe yasimwagiwe maji, kwani moto utaruka. Zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Na kama moto umeshika dari au moshi umetanda, acheni mali, tokeni, wala asirudi mtu ndani.

Atakayesema kwamba mtungi ni ghali, na aulinganishe na bei ya simu iliyo mfukoni mwake. Wapangaji wa nyumba moja waweza kuchangiana. Wenye nyumba za kupangisha nao wakumbuke kwamba waliomo humo si kodi tu, bali ni roho za watu. Nasi tulio na nondo, tuhakikishe leo kwamba walau dirisha moja lafunguka kwa ndani.