Jiwe la Njano na Haki ya Kujua

Mchimbaji avukaye na kivuko kutoka Kamanga kwenda Mwanza na punje yake ya dhahabu anajua kwamba ng'ambo kuna mizani. Je, mwenye jiwe jeusi, zito, lililoganda unga wa njano, ambalo wenzake humnong'oneza kuwa ni urani, ampelekee nani?

Jambo hili si geni nchini. Enzi za Wajerumani, machimbo ya ulanga katika milima ya Uluguru, Morogoro, yalitoa fuwele nyeusi za urani zilizozungukwa na madini ya njano. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald aliyapima, akakuta ni kabonati ya urani isiyopata kuelezwa popote, akayaita rutherfodini kwa heshima ya Ernest Rutherford. (Uluguru haimo katika jina.) Baadaye, Stefanie Horovitz na Otto Hönigschmid walipima risasi iliyotoka katika urani ya Morogoro: uzito wa atomu zake ulikuwa karibu 206.0, ilhali ule wa risasi ya kawaida ni 207.2. Hivyo ulipatikana ushahidi kwamba elementi moja yaweza kuwa na atomu za uzito mbalimbali.

Thamani ya jiwe la namna hiyo haipimwi kwa kilo. Wenye mitambo ya nishati hawanunui kiganja kimoja. Wanaolitafuta ni makumbusho na wanasayansi, nao hulipia uhakika wa jina lake na mahali lilipotoka. Rangi pekee hudanganya, kwa kuwa hata salfa ni ya njano. Kipimo cha mionzi nacho husema mionzi ipo, hakisemi ni madini gani. Hilo huamuliwa maabarani, kwa eksirei. Na alisagaye nyumbani, kama tusagavyo mawe ya dhahabu, huvuta vumbi la sumu, yeye na wanawe.

Sheria hudai kibali kwa madini ya mionzi, na ni sawa. Lakini mchimbaji aliyefundishwa kuogopa tu hulificha jiwe uvunguni, au humwachia mlanguzi kwa bei ya mlanguzi. Kila soko la madini, kama lile la Geita lililofunguliwa mwaka 2019, halina budi kuwa na kipimo cha mionzi na mtu ajuaye kukisoma. Sampuli ipelekwe Taasisi ya Jiolojia, Dodoma, kwa gharama ya serikali, na aliyeileta apewe jibu kwa maandishi, kwa Kiswahili, wala asikamatwe kwa sababu ameuliza.