Kompyuta ya mezani ya mwanafunzi kwa pauni 500

Safu hii huzungumzia presha, sukari na chanjo za watoto, lakini mwezi huu naomba ruhusa nitoke wodini kidogo. Hapa Uingereza matokeo ya A-level hutoka Agosti na vyuo hufunguliwa Septemba. Katika wiki hizo chache wazazi wetu hutoa pesa ndefu kwa haraka, na sehemu kubwa ya pesa hiyo huishia kwenye kompyuta.

Nitawaeleza kisa cha nyumba moja, kwa idhini yao. Jirani yetu ni mtu wa Malindi, dereva wa basi. Agosti ya 2025 binti yake alipata nafasi ya kusomea uhandisi wa ujenzi katika chuo cha mji huu huu, akiendelea kulala kwao. Baba alikuwa na pauni 500 alizoweka kidogo kidogo kutokana na zamu za Jumapili. Binti naye alikuwa ameshaona dukani kompyuta ya michezo, ina taa za rangi saba, bei pauni 1,100, lipa kila mwezi kwa miaka mitatu. Mzee hataki riba nyumbani kwake. Binti akawa hasemi na baba. Wakaniita mimi, maana wanajua kompyuta niliyosomea digrii yangu hapa niliiunganisha mwenyewe juu ya meza ya jikoni.

Nilipofika sikuuliza habari za prosesa. Niliuliza, "Mwanangu, utalala wapi na utasoma nini?" Anayekaa bweni na kuhama kila Juni na mizigo yake anahitaji laptopu, asidanganywe na mtu. Huyu analala kwao, ana meza yake, na maktaba ya chuo ina kompyuta za kutumia mchana. Kwa mtu wa namna hiyo, pesa ile ile hununua nguvu kubwa zaidi ikiwekwa kwenye kompyuta ya mezani, na kitu kikiharibika unabadilisha kitu hicho kimoja tu. Pili, tulifungua barua ya idara yake. Walitaja programu za kuchora kama AutoCAD, Windows, na memori ya GB 16. Hapakuwa na neno hata moja kuhusu kadi ya michoro ya pauni 300.

Kabla ya kununua vipuri vipya, niliwaonyesha njia ya mtumba, na nyinyi nawaomba muitazame kwanza. Makampuni hubadilisha kompyuta za ofisini kila baada ya miaka michache, na zile za zamani husafishwa na kuuzwa upya: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Zinakuja na leseni ya Windows, jambo ambalo nitalirudia. Kwa anayesomea uuguzi, ualimu, sheria au biashara, mashine hiyo inatosha, na pesa inayobaki ikafanye kazi nyingine. Mimi mwenyewe ningemnunulia mwanangu hiyo bila kusita.

Ila ujue unachonunua. Windows 10 ilikoma kupewa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haikubali prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, ukiacha chache sana. Kizazi unakisoma kwenye namba yenyewe: i5-8500 ni cha nane, i5-6500 ni cha sita. Ndiyo maana masoko yamejaa mashine za kizazi cha sita na cha saba kwa bei ya kutupa, na muuzaji anakuapia kuwa ni i5, kama kwamba i5 zote ni ndugu wa tumbo moja. Jambo la pili, nyingi za mashine hizi zina pawa saplai na ubao mama wa umbo la kampuni yenyewe. Huwezi kuchukua pawa saplai yoyote ya dukani ukaifunga humo. Kuongeza memori na diski ni rahisi. Zaidi ya hapo unagonga mwamba.

Huo mwamba ndio uliotufanya tununue vipuri. Kozi ya binti ni ya miaka mitatu, michoro itazidi kuwa mizito, na alitaka kitu cha kuongezwa nguvu mwaka wa pili akipata kazi ya saa chache.

Tulianza na prosesa, na hapa ndipo vijana wengi wanapoumia kwa sababu ya herufi moja. Tulichukua AMD Ryzen 5 5600G. Ile G mwishoni maana yake ina uwezo wa picha ndani yake, unachomeka skrini na kazi inaanza. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina uwezo huo, na usiponunua kadi ya michoro utatazama skrini nyeusi. Kwa Intel mambo yamegeuzwa: i3-12100 ina picha, i3-12100F haina. Hiyo F hupunguza bei kwa pauni chache na inavutia macho. Nimeshapigiwa simu usiku na kijana wa Reading anayelia kuwa kompyuta yake imekufa, kumbe ni mzima, haina tu cha kuonyeshea.

Ubao mama lazima ukubaliane na prosesa, kama damu na kundi lake. Ryzen 5600G inakaa kwenye soketi ya AM4, na soketi hiyo hutumia memori ya DDR4. AM5 ambayo ni mpya zaidi hutumia DDR5 peke yake. Tulichagua ubao wa B550 wenye nafasi nne za memori, tukajaza mbili. Ukiuziwa ubao wa zamani kama B450, muulize muuzaji kama umeshapewa programu mpya ya kuwashia, la sivyo huenda usiitambue prosesa ya 2021. Tazama pia kama una Wi-Fi. Bao nyingi za bei nafuu hazina, na mtu hugundua hilo akiwa ameshafunga skrubu zote. Sisi chumba cha binti kiko ukuta kwa ukuta na ruta, tukapitisha waya, basi.

Memori tulinunua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16. Picha za prosesa ya namna hii huazima memori ya kompyuta, na vipande viwili hufungua njia mbili kwa wakati mmoja. Tofauti inaonekana kwa macho unapozungusha mchoro. Diski ni SSD ya NVMe ya TB 1. Diski za zamani za kuzunguka zisiwekwe Windows siku hizi, zibaki kuwa stoo ya picha za harusi.

Kwenye pawa saplai nilikaza kamba. Binti alitaka ya pauni 18 isiyo na jina ili apate kasha lenye vioo. Nikamwambia hapana, hicho ndicho kifaa pekee kinachoweza kuua vingine vyote kikifa. Tulichukua ya wati 550 ya kampuni inayojulikana, yenye dhamana ya miaka mitano. Kasha likawa jeusi, la kawaida, lenye feni mbili. Taa hazikuwepo. Alinuna hadi magharibi.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi, nikinakili kutoka kwenye risiti: prosesa pauni 115 pamoja na feni yake, ubao 78, memori 42, diski 52, pawa saplai 50, kasha 44. Jumla 381. Skrini ya inchi 24 ya mtumba ilikuwa 40, kibodi na mausi 14. Tukafika 435, na baba akarudishiwa 65 mkononi.

Hesabu hiyo ingevunjika kwa kitu ambacho hakuna aliyekikumbuka: Windows. Ukinunua leseni halali kwa Microsoft unalipa zaidi ya pauni 100. Mitandaoni zinauzwa namba za pauni 10, na siwashauri, kwa kuwa hujui zimetoka wapi na zinaweza kufungwa siku yoyote. Nilimwambia binti aandikie dawati la kompyuta la chuo chake. Wakamjibu siku ya pili kuwa wanafunzi wa uhandisi wanapewa leseni. Vyuo vingine hutoa, vingine havitoi, kwa hiyo uliza kabla ya kununua chochote. Kama jibu ni hapana, rudi ukaangalie ile mashine ya mtumba yenye leseni yake. AutoCAD yenyewe Autodesk huwapa wanafunzi bure.

Kununua nako kuna siri. Wengi hununua kipuri kimoja kila mwisho wa mwezi mshahara ukiingia. Kwa sheria za hapa, ukinunua kwenye duka la mtandaoni una siku 14 tangu mzigo ufike za kubadili mawazo, na kitu kikiwa kibovu una siku 30 za kukirudisha na kudai pesa yako yote. Ukinunua ubao Septemba na prosesa Disemba, siku ya kuwasha ndipo utajua ubao ulikuja mbovu, na ile haki nyepesi ya kurudishiwa pesa imeshapita. Weka pesa kwanza, ununue vyote wiki moja, uunganishe wiki hiyo hiyo. Kwa mtu binafsi anayeuza kitu chake sheria hizo hazikulindi hivyo, ndiyo maana kwa mtumba wa mtu nilikubali skrini peke yake, tena tuliiona ikiwaka kwake.

Kuunganisha kulichukua saa tatu, moja kati ya hizo ya chai. Gusa chuma kabla ya kushika ubao, hasa nyumba zenye zulia wakati wa baridi, umeme wa mwilini haucheki. Prosesa ya AM4 ina miguu midogo chini yake. Linganisha pembetatu ya dhahabu na ya kwenye soketi, iachie, itazama yenyewe. Wauguzi wenzangu mtanielewa: ukihisi unasukuma, umekosea mshipa. Memori ndiyo inayotaka kusukumwa hadi ilie "tak" pande zote mbili. Na ukija kubadilisha pawa saplai yenye nyaya za kuchomoa, badilisha na nyaya zake zote. Plagi zinaweza kufanana na mpangilio wa ndani ukawa tofauti, na diski ikaungua kwa sekunde moja.

Kwa wanaonunua sasa, memori imepanda bei vibaya tangu mwishoni mwa 2025, kwa sababu viwanda vimeelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Binti alikusudia kuongeza GB 16 nyingine Januari kwa zile pauni 65. Alipokwenda, akakuta vile vipande vya pauni 42 vimepita mara mbili ya bei. Baba yake akasema ngoja, naye akangoja, mwaka wa kwanza ameumaliza na GB 16 zile zile. Bei hii pia inaipa nguvu mashine ya mtumba inayokuja na memori yake ndani, kwa hiyo mwaka huu ningeanza huko hata kwa mhandisi.

Mwisho, mlioko Marekani mnaotuma kompyuta nyumbani: umeme wenu ni volti 120, wa Tanzania 230 na Kenya 240. Pawa saplai nyingi za kisasa hujirekebisha zenyewe na zimeandikwa 100-240 ubavuni. Za zamani zina swichi ndogo nyuma, aghalabu nyekundu, yenye 115 na 230. Isukume kwenye 230 kabla hujafunga boksi, ubandike na karatasi juu yake, maana atakayefungua Tanga ni mdogo wako, na jambo la kwanza atakalofanya ni kuchomeka.