Lethi ndogo ianze na taya nne

Kijana aliyehitimu chuo cha ufundi cha Sigalagala akitaka kujinunulia lethi ndogo ya kuweka mezani, au mwalimu aliyestaafu Kakamega mjini akitafuta mashine ya kukereza vyuma kwa kujifurahisha, wote wawili huulizia bei, nguvu ya mota na urefu wa kitanda. Ni nadra swali la kushika kazi, yaani kipande cha chuma kinachokerezwa, kuulizwa. Mashine hizi kwa kawaida huletwa zikiwa na chaki ya taya tatu, yaani kile kishikio cha mviringo kinachobana chuma na kuzunguka nacho, na mnunuzi huichukua kama ilivyo. Kwa kazi zinazopatikana katika Kaunti ya Kakamega, naona huo ni uamuzi mbaya. Chaki ya kwanza kumilikiwa iwe ya taya nne zinazosogea kila moja kivyake. Ya taya tatu ije baadaye, fedha zikipatikana.

Sababu imo ndani ya chaki zenyewe. Katika ile ya taya tatu kuna bamba lenye mfuo unaozunguka kuelekea katikati, na taya zote zimeushika mfuo huo. Ukizungusha ufunguo mara moja zinasogea pamoja, na chuma kinashikwa katikati bila kupima. Lakini hiyo katikati ni ile iliyoamuliwa na kiwanda, na huzidi kupotoka kadiri mfuo na taya zinavyolika. Si ajabu chaki ya bei nafuu kuyumbisha kazi kwa milimita 0.1, na fundi hana skrubu ya kurekebisha. Ukianza na ufito wa chuma ambao haujakerezwa na kukereza kila kitu kabla ya kuutoa, kasoro hiyo haina madhara, kwa sababu sehemu zote zimekatwa kwa mhimili mmoja. Taabu huanza pale kazi inapogeuzwa ishikwe upande wa pili, au inapoletwa ikiwa tayari imekerezwa na mtu mwingine.

Na kazi ya Kakamega karibu yote huja hivyo. Huu ni ukanda wa miwa, kutoka Mumias hadi Butali na Kabras, wenye matrekta na matrela ambayo pini na bushi zake hulika kila msimu. Kuna vinu vya posho kila soko, pampu za maji, bodaboda, na mashine za kusaga mawe ya dhahabu Rosterman na Ikolomani. Shafti ndefu ya kinu haitaingia kwenye mashine ya mezani, hilo ni wazi, ila puli yake ndogo itaingia. Chukua puli ambayo tundu lake limelika hadi likapanuka. Dawa yake ni kulichonga liwe kubwa zaidi kisha kutia bushi mpya, na tundu hilo lazima lilingane na mfereji wa mkanda ulioko nje, la sivyo puli itayumba, mkanda utaruka na beringi itakufa mapema. Makao ya 6205, beringi yenye tundu la milimita 25, hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Chaki isiyorekebishika haiwezi kuahidi kipimo hicho. Ya taya nne inaweza, hata ikiwa imezeeka, kwa kuwa kipimo kinatoka kwenye geji ya saa, ile yenye mshale unaoonyesha kazi inavyoyumba, na mkono wa fundi. Tena hushika chuma cha mraba, kipande kilichomwagwa kwenye kalibu kikatoka kombo, na kazi ambayo tundu lake halitakiwi kuwa katikati. Kwa fundi anayetegemea vyuma chakavu, uwezo huo ni riziki.

Wapo watakaosema inapoteza wakati. Kwa anayejifunza, ni kweli. Lakini utaratibu wenyewe ni mfupi: shughulikia taya mbili zinazotazamana, soma geji ya saa pande zote mbili, kisha sogeza kazi nusu ya tofauti. Geji ikionyesha tofauti ya milimita 0.4, legeza taya moja, kaza ya pili, kazi isogee 0.2. Halafu nenda kwa jozi nyingine. Aliyezoea hutumia dakika chache tu, na dakika hizo ni nafuu kuliko puli iliyochongwa upogo ikarudishwa na mwenye kinu. Gharama ya geji nayo si hoja nzito, maana hakuna kazi ya vipimo inayoweza kuthibitishwa bila geji, chaki iwe ya aina gani.

Pingamizi lenye uzito ni jingine. Anayetengeneza bushi mia zinazofanana kutoka kwenye fito za duara, au anayekereza vyuma vya pembe sita, atafaidika na taya tatu, na sitabishana naye. Koleti, yaani vishikio vya bomba vinavyobana kazi kuizunguka yote, nazo hushika vizuri bila kuacha alama, lakini koleti moja ya ER32 hufunika tofauti ya takriban milimita moja ya unene, na seti nzima huishia milimita 20. Pini ya trela huwa nene kuliko hapo. Usalama pia utajwe: taya nne zinaweza kutokeza nje ya chaki, na kazi isiyo na mizani hutaka mwendo wa polepole. Zungusha kwa mkono kwanza, na ufunguo usibaki kwenye chaki hata sekunde moja.

Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya kaunti, kwa hiyo Kakamega haina haja ya kungoja Nairobi. Zabuni ya kununua lethi za vyuo hivyo itaje chaki ya taya nne, bamba lake la kufungia na geji ya saa. Na mwanafunzi asiruhusiwe kuwasha mota kabla hajaweza kuweka kipande katikati kwa milimita 0.02. Anayenunua kwa fedha zake mwenyewe amtajie muuzaji vifaa hivyo hivyo vitatu kabla ya kulipa.